Sauti inakwaruza na laptopu inahema: maswali ya ma-DJ kuhusu bafa na latensi

Majibu haya ni kwa DJ anayepiga kwa laptopu, awe anatumia VirtualDJ, Serato DJ Pro, rekordbox, Traktor au Mixxx. Mengi yanafuata Windows, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye laptopu za ma-DJ wetu na ndiyo yenye visa vingi zaidi vya sauti. Majina ya vitufe na menyu yameachwa jinsi yanavyosomeka kwenye skrini.

Latensi ni nini?

Ni muda unaopita tangu mkono wako ufanye jambo hadi sikio lako lilisikie. Umebonyeza kitufe cha kuanzisha wimbo. Programu imepokea amri, imekokotoa sauti, imeipeleka kwenye saundi kadi, saundi kadi imeigeuza kuwa umeme, ndipo spika ikapiga. Muda huo hupimwa kwa milisekunde, na sehemu yake kubwa unaipanga wewe mwenyewe kwa kuchagua ukubwa wa bafa.

Jambo moja liwekwe wazi mapema: latensi haivurugi biti. Deki zote mbili huchelewa kwa kiasi kilekile, na hedifoni huchelewa pamoja nazo, kwa hiyo nyimbo mbili zilizokaa sawa zitabaki zimekaa sawa. Kinachoguswa ni mkono wako tu, pale unapopiga kiu (cue, alama ya pa kuanzia wimbo), unapochapa pedi au unaposkrachi. Watu waliopo ukumbini hawajui kama bafa yako ni 128 au 1024. Wanachokijua ni sauti ikikatika.

Na bafa?

Sauti ya dijitali ni msururu wa namba. Kwa kiwango cha CD zinapita namba 44,100 kila sekunde, kwa upande wa kushoto na wa kulia kila mmoja. Kompyuta haizitumi moja moja, bali inazikusanya kwa mafungu. Fungu moja ndilo bafa.

Hesabu yake ni nyepesi: gawanya ukubwa wa bafa kwa kiwango cha sampuli, yaani zile namba zinazopita kila sekunde. Bafa ya 1024 kwa 44,100 inakupa milisekunde 23 hivi, 512 inakupa 11.6, 256 inakupa 5.8, 128 inakupa 2.9, na 64 inakupa kama 1.5. Hizo ni za bafa peke yake. Draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) na saundi kadi huongeza zao chache juu yake, ndiyo maana namba inayoonyeshwa na baadhi ya programu huwa kubwa kuliko ile uliyoipiga kwa kalkuleta.

Ukitaka kuona linavyofanya kazi, mfikirie mama ntilie aliye jikoni na mhudumu anayekuja dirishani kwa muda maalumu, hasubiri hata sekunde. Sahani ikiwa kubwa, mhudumu anakaa sana kabla ya kurudi, na mama ana nafasi ya kupakua kwa utulivu hata kama katikati ameitwa nje kidogo. Sahani ikiwa ndogo, mhudumu yupo dirishani kila mara. Chakula kinafika upesi, lakini mama akigeuka tu kuchochea moto, mhudumu anaondoka mikono mitupu. Ile safari ya mikono mitupu ndiyo "tk!" unayoisikia kwenye spika.

Basi niweke ngapi?

Anza na 512 kwa 44,100. Kwa DJ anayechanganya nyimbo kwa kontrola (kile kifaa cha vitufe na visogezi kinachounganishwa na laptopu), anaweka kiu, anatumia luupu na efekti, 512 inatosha kabisa na laptopu ya kawaida inaimudu.

Kisha ijaribu, na jaribio liwe la kikatili. Kucheza wimbo mmoja nyumbani ukisema "naam, iko poa" hakupimi kitu. Cheza deki mbili kwa pamoja, zote zikiwa zimefungwa kii (kasi ibadilike bila sauti kupanda wala kushuka), washa efekti mbili, anza kurekodi, na huku muziki ukiendelea pakia wimbo ambao haujawahi kuchambuliwa. Zungusha orodha ya nyimbo juu chini haraka. Vuta mawimbi ya sauti kwenye skrini, yakuze na uyapunguze. Ikikaa dakika 10 hivi bila kukwaruza hata mara moja, shuka hadi 256 urudie. Ukifika mahali inapoanza kukwaruza, rudi hatua moja juu, na kama unakwenda kupiga harusi, rudi mbili.

Sababu ya kurudi mbili ni kwamba nyumbani hakuna joto la ukumbi, hakuna jenereta, na hakuna mtu wa kukuletea flashi yenye wimbo wa bibi harusi dakika ileile unayochanganya. Bafa hupangwa kwa ajili ya dakika mbaya kuliko zote za usiku mzima.

Kuna DJ ananiambia anatumia 64. Mimi nimepitwa?

Hujapitwa. Sauti husafiri hewani takriban sentimita 34 kwa kila milisekunde. Tofauti kati ya bafa ya 64 na ya 512 ni milisekunde 10, sawa na kusogea mita tatu na nusu kutoka kwenye spika. Kama spika yako ya kujisikilizia iko nyuma ya meza, mita tatu hadi nne, tayari unaishi na ucheleweshaji wa namna hiyo kila wikiendi na hujawahi kulalamika. Kuisogeza karibu na sikio, au kutumia hedifoni, kunakupa unafuu uleule bila kuitesa laptopu.

Wanaonufaika kweli na bafa ndogo ni wanaoskrachi na wanaochapa pedi kama ngoma.

Napiga singeli. Kwa kasi ile si lazima nishuke zaidi?

Swali zuri, kwa sababu hapa hesabu inabadilika kidogo. Kwenye wimbo wa biti 100 kwa dakika, kutoka biti moja hadi nyingine ni milisekunde 600. Kwenye singeli ya 240 ni 250 tu, na robo ya biti ni milisekunde 62.5. Ukichapa kiu mfululizo kwa mkono, ucheleweshaji wa 12 unaanza kuonekana: mkono unahisi kama biti inakukimbia. Kwa hiyo ndiyo, kama laptopu inaweza, 256 itakufaa zaidi kuliko 512. Chini ya hapo sioni faida inayolingana na hatari yake.

Jihadhari na jambo jingine. Ukichukua ala ya taarabu yenye kasi ya 120 ukaipandisha hadi 240, umeongeza asilimia 100. Ukiwa umefunga kii, programu inalazimika kuujenga upya kila mlio ili kasi ipande bila sauti kupanda, na kazi hiyo inakula prosesa na kuacha sauti yenye mikwaruzo ya kimaji-maji. Wengi hudhani ile mikwaruzo ni bafa. Jaribu kuondoa kii kwenye deki hiyo. Sauti itapanda na kuwa nyembamba, na kwenye singeli huko ndiko mnakotaka iende.

Sauti inakwaruza. Nitajuaje kama ni bafa au ni kitu kingine?

Sikiliza aina ya mlio kabla hujagusa mpangilio wowote. Watu hupandisha bafa hadi mwisho wakati tatizo liko kwenye kebo ya shilingi chache.

Mlio mfupi mkavu, "tk, tk", unaokuja bila mpangilio na kuzidi unapopakia wimbo au kuwasha efekti, huo ni wa bafa. Pandisha hatua moja; ukipungua au ukiisha, umempata mwizi. Mixxx inarahisisha zaidi, kwani kwenye "Sound Hardware" kuna "Buffer Underflow Count", kihesabu kinachopanda kila fungu linapokosekana. Kikibaki sifuri huku unasikia mikwaruzo, acha kabisa kuisumbua bafa.

Sauti nzito inayochanika hasa besi inapogonga, tena kila besi inapogonga, ni sauti iliyozidi kipimo. Angalia taa za mikseri au za kontrola. Zikikaa kwenye nyekundu, sauti imekatwa vichwa na hakuna bafa itakayoirudisha. Shusha geini ya kila deki, acha nafasi ya kutosha juu, kisha mwambie fundi wa mitambo apandishe kwake. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye sherehe zetu, na nina hakika nusu ya wanaoulizia bafa wanaumwa ugonjwa huu.

Mngurumo wa chini usiokoma, "mmmm", hata muziki ukiwa umesimama, ni wa umeme. Huku kwetu umeme ni wa hezi 50, na mngurumo unakuja na sauti hiyohiyo au mara mbili yake. Chomoa chaja ya laptopu sekunde chache. Ukinyamaza, una mzunguko wa ethi kati ya laptopu na mitambo. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, au pitisha sauti kwenye kiboksi cha DI chenye transfoma. Usikate waya wa ethi kwenye plagi. Kuna mafundi wanaokata na mngurumo unaondoka kweli, lakini kinga inayozuia bodi ya mashine isikupige shoti imeondoka nayo.

Sauti inayokuja na kupotea upande mmoja, na ukiitikisa kebo inarudi: badilisha kebo.

Task Manager inaonyesha prosesa iko asilimia 25 tu. Mbona bado inakwaruza?

Kwa sababu Task Manager inapima wastani wa prosesa nzima kwa sekunde nzima, na sauti haijali wastani. Inajali kama kila fungu limekamilika kwa wakati wake.

Ukiwa na bafa ya 512, programu ina milisekunde 11.6 za kuandaa fungu moja. Ikitumia 9, mita ya sauti ndani ya programu yenyewe itasoma karibu asilimia 78, ingawa Task Manager inasema mashine imepumzika. Mara draiva ya Wi-Fi inaishika prosesa kwa milisekunde 4 bila kuomba ruhusa. Jumla imekuwa 13. Fungu halikufika, "tk!", na sekunde nzima ilikuwa na nafasi tele ya kazi.

Kwa hiyo mita ya kuitazama ni ile ya ndani ya programu. Traktor na Serato zinayo juu ya skrini, Mixxx na VirtualDJ nazo zina namna yake. Ikiwa inacheza chini ya nusu, uko salama. Ikigusa robo tatu mara kwa mara, ongeza bafa au punguza mzigo.

Mipangilio yenyewe iko wapi?

Kwenye Traktor, fungua "Preferences" kisha "Audio Setup". Ukiwa na ASIO (imeelezwa hapa chini) kwenye Windows, kitufe cha "Settings" kitakufungulia paneli ya draiva na humo ndimo unamobadilisha bafa. rekordbox nayo inaanzia "Preferences" kisha "Audio". Hapo kuna "Buffer size" na kiwango cha sampuli. Kwenye Serato DJ Pro unganisha kontrola kwanza, ingia "Setup", kisha sehemu ya "Audio", utaona kisogezi cha bafa ya USB kilichoandikwa kwa milisekunde. VirtualDJ iko kwenye "Settings", sehemu ya "Options": andika latency kwenye kisanduku cha kutafutia, kitakuja. Kwenye Mixxx ni "Preferences", "Sound Hardware", na bafa huandikwa kwa milisekunde.

ASIO ni nini, na ASIO4ALL inafaa?

Sauti ya kawaida kwenye Windows hupitia kwanza kwenye mikseri ya Windows yenyewe, ile inayochanganya muziki wako na mlio wa barua pepe. Njia hiyo ni ndefu. ASIO ni mfumo uliotolewa na kampuni ya Steinberg mwaka 1997 ili programu ya muziki izungumze na saundi kadi moja kwa moja. Kama kontrola yako ina saundi kadi ndani na mtengenezaji ametoa draiva ya ASIO, ipakue kutoka kwake na uitumie. Hakuna mjadala hapo.

ASIO4ALL ni kitu tofauti. Haigeuzi saundi kadi ya bei rahisi kuwa ya kitaalamu. Inachukua draiva ya Windows iliyopo na kuivisha sura ya ASIO. Inasaidia sana unapotumia saundi kadi ya ndani ya laptopu au kidude cha USB kisicho na draiva yake. Lakini usiiweke juu ya kifaa ambacho tayari kina ASIO yake, utakuwa umeacha barabara ya lami ukapita vichochoroni.

Njia ya tatu ni WASAPI katika hali ya kumiliki kifaa peke yake. Ipo ndani ya Windows tangu Vista, haihitaji kusakinisha chochote, na mara nyingi inafanya vizuri kama ASIO4ALL. Kwa njia zote hizi tegemea kwamba YouTube inaweza kunyamaza wakati programu ya DJ imeshika kifaa. Hilo si hitilafu, na ukumbini ni neema.

Nichague 44,100 au 48,000?

44,100, kwa sababu nyimbo zako karibu zote zimerekodiwa hivyo. Kupandisha hakuongezi ubora wowote kwenye MP3. Kunaongeza kazi ya kubadilisha tu. Chagua 48,000 kama mikseri au kifaa unachounganisha kinadai hivyo, au unapiga video. La muhimu ni programu, draiva na Windows zikubaliane namba moja. Zikitofautiana, ndipo unapopata wimbo unaocheza kwa sauti ya juu kidogo kuliko ulivyozoea, au kimya kabisa.

Kufunga kii kunakula sana?

Kunakula, na kila deki unayoifunga inaongeza. Kwenye Mixxx unaweza kuchagua injini: Soundtouch ni nyepesi, Rubberband ina sauti safi zaidi lakini ni nzito. Kwa laptopu ya zamani chukua ile nyepesi. Ukibadilisha kasi kwa asilimia moja au mbili tu, hata usifunge, hakuna atakayegundua.

Nikitenganisha sauti ya mwimbaji na ala, laptopu inakwama. Kwa nini?

Kwa sababu hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote ambazo programu ya DJ imewahi kupewa. VirtualDJ ilianza kuifanya moja kwa moja wimbo ukiwa unacheza katika toleo la 2021, Serato ikaja nayo kwenye DJ Pro 3.0, na Traktor ikaleta utenganishaji wake katika toleo la 4. Inahitaji prosesa ya kisasa au kadi ya picha yenye nguvu. Kwenye mashine dhaifu, andaa mapema: zichambue nyimbo 20 unazojua utazitenganisha, uhifadhi matokeo, na usiku huo usitenganishe nyingine.

Nizime nini kwenye Windows kabla ya shoo?

Wi-Fi na Bluetooth kwanza. Si kwa kubonyeza alama ya ndege tu. Ingia "Device Manager" uizime kadi yenyewe ya Wi-Fi, kwa sababu draiva yake ni miongoni mwa wakorofi wakubwa. (Kama unacheza nyimbo za kustrimu, hapa una mtihani. Mimi ningepakua kabla.)

Mpango wa umeme uwe wa nguvu zote, "High performance" au "Best performance" kutegemea toleo la Windows. Ndani ya mipangilio ya juu ya umeme zima "USB selective suspend", ile inayolaza pota za USB ili kuokoa chaji. Ikilala pota yenye kontrola, umekwisha. Sitisha masasisho ya Windows kwa wiki moja. Iambie antivirusi isiguse folda ya muziki.

Ukishafanya hayo na bado inakwaruza, pakua LatencyMon. Iache ikimbie huku unacheza muziki, kisha fungua sehemu ya madraiva uone ni lipi linaloishikilia prosesa kwa muda mrefu. Ukikuta ni la mtandao, la kadi ya picha au la betri, una jina la mshtakiwa. Sasisha draiva hilo au lizime. Hii inaokoa siku nzima ya kubahatisha.

Nyumbani safi kabisa, ukumbini inakwaruza. Laptopu ni ileile!

Laptopu ni ileile lakini mazingira siyo. Mambo mawili huwa yanajificha hapa.

La kwanza ni joto. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na kasi ikishuka, mafungu ya sauti yanaanza kuchelewa. Nenda ukatazame meza ya DJ kwenye sherehe yoyote ya mchana Dar au Mombasa: laptopu imelazwa juu ya kitambaa cha mapambo, satini nene inayoteleza, na kitambaa kimenyonywa na feni ya chini hadi kimeziba matundu. Jua la saa nane linapiga kifuniko. Pembeni amplifaya inatoa hewa ya moto. Ukigusa sehemu iliyo juu ya kibodi, mkono unarudi wenyewe. Hapo hata bafa ya 1024 itasalimu amri. Weka stendi, hata vitabu viwili chini ya pembe zake, toa kitambaa, na mara moja kwa mwaka mpelekee fundi atoe vumbi ndani ya feni na kubadilisha ile krimu ya prosesa.

La pili ni umeme. Ukiwa kwenye jenereta, volti hupanda na kushuka kila friji ya vinywaji inapojiwasha. Laptopu haizimi kwa kuwa ina betri, ndiyo maana hushtuki. Lakini kila umeme unapoyumba, Windows inadhani umechomoa chaja, inahamia kwenye hali ya betri, na kasi ya prosesa inashuka. Sekunde mbili baadaye inarudi. Wewe unasikia mikwaruzo mitatu na hujui imetoka wapi. Tazama ikoni ya betri kona ya chini: ikiwa inabadilika badilika, jibu unalo. Weka hali ya nguvu zote kwenye betri pia, siyo kwenye chaja peke yake, na mikseri au kontrola yenye umeme wake uipitishe kwenye UPS ndogo au stebilaiza. Kontrola ikizimika hata nusu sekunde, USB inakatika na muziki unasimama.

Kebo ya USB ina maana yoyote?

Ina maana. USB 2.0 haikusudiwi kuzidi mita 5, na fupi ni bora. Chomeka kontrola kwenye pota ya laptopu moja kwa moja, siyo kwenye habu iliyobeba pia diski ya nje na feni ya taa za rangi. Ukikuta pota ya kulia inakwaruza na ya kushoto haikwaruzi, tia alama kwa kalamu usisahau.

Natumia spika ya Bluetooth kufanyia mazoezi, latensi ni kubwa mno.

Na itabaki hivyo. Bluetooth ya kawaida huchelewesha zaidi ya milisekunde 100, na hakuna mpangilio ndani ya programu utakaoipunguza. Tumia waya.

Sina kontrola. Nina laptopu na kebo ya Y.

Inawezekana. Kebo ya Y inayogawa pande mbili, pamoja na mpangilio wa programu unaopeleka muziki wa ukumbi upande mmoja na wa hedifoni upande wa pili, inakuwezesha kusikiliza wimbo unaofuata. Gharama yake ni kwamba ukumbi unasikia mono. Kwenye sherehe za nje hakuna anayelalamika.

Usichanganye vifaa viwili, yaani ukumbi utoke kwenye kidude cha USB na hedifoni itoke kwenye tundu la laptopu, kisha ushangae mikwaruzo ya kila baada ya dakika kadhaa. Kila kifaa kina saa yake, na saa mbili hazilingani kikamilifu. Kidogo kidogo moja inaitangulia nyingine hadi fungu linakosekana. Kama huna budi, weka bafa kubwa. Saundi kadi moja ndogo yenye milango minne ya kutolea sauti inamaliza habari hii.

MC anasema anasikia sauti yake ikimfuata nyuma.

Maikrofoni imepitishwa ndani ya programu. Sauti yake inaingia kwa bafa na kutoka kwa bafa, kisha anaisikia kwenye spika baada ya kuwa imeshasikika kichwani mwake. Ichomeke kwenye mikseri, au tumia mlango wa maikrofoni wa kontrola ambao hauipitishi kwenye kompyuta. Usimwambie azoee, ataharibu matangazo yote.

Natumia sahani za taimkodi. Namba ni zilezile?

Hapana, shuka. (Taimkodi ni mlio maalumu kwenye sahani unaoiambia programu mkono wako unafanya nini.) Mlio wa sahani unaingia kwenye kompyuta kupitia bafa, unasomwa, kisha muziki unatoka kupitia bafa nyingine, kwa hiyo ucheleweshaji ni angalau mara mbili. 512 itakupa zaidi ya milisekunde 23 kati ya mkono na sikio, na kwa skrachi hilo linahisika kama sahani imepakwa gundi. Lenga 128, au 256 kama mashine ni ya wastani. Kabla ya kulaumu bafa, safisha sindano na utazame duara la ishara kwenye skrini. Likiwa limepinda au linatetemeka, tatizo ni sindano au waya.

Mac haina shida hizi?

Inazo chache. Core Audio inafanya kazi ya ASIO bila kusakinisha kitu, kwa hiyo unachagua bafa na kuendelea. Bado utataka kusimamisha Time Machine wakati wa shoo, na usisasishe macOS kabla mtengenezaji wa kontrola yako hajasema draiva yake inakubali toleo jipya.

Nikiongeza RAM itasaidia?

Kama una GB 4, ndiyo, nenda 8. Kutoka 8 kwenda 16 kwa ajili ya mikwaruzo, mara nyingi ni pesa ya bure, isipokuwa unatenganisha sauti. Fedha hiyo inunulie SSD kwanza ikiwa bado uko kwenye diski ya kuzunguka: nyimbo zitapakiwa upesi na orodha haitakwama.

Shoo inaendelea na imeanza kukwaruza. Naweza kubadilisha bafa hapohapo?

Unaweza, lakini injini ya sauti hujiwasha upya na muziki unakatika kwa sekunde moja au zaidi. Programu nyingine hugoma kabisa hadi uifunge. Kwanza punguza mzigo bila kugusa bafa: zima efekti, fungua kii, simamisha kurekodi, punguza idadi ya picha za skrini kwa sekunde (Serato ina kisogezi cha hilo), funga kivinjari. Mara nyingi hiyo inatosha kukufikisha mwisho. Isipotosha, chomeka simu kwenye chaneli nyingine ya mikseri, anzisha wimbo mrefu ambao wageni wanaupenda, vuta feda ya laptopu chini, badilisha bafa hadi 1024, jaribu kwenye hedifoni, kisha rudi.